Jamaa ya Nyanya: Matunda ya Kula na Matunda ya Kuogopa



Mvua ikianza kunyesha huku kwetu Katanga, majani yanaota pahali pote: kandokando ya reli, nyuma ya shule, juu ya jalala, katikati ya mistari ya mihindi. Na watoto wetu, wakitoka masomo na njaa, hawafiki nyumbani mara moja. Wanainama hapa, wanainama pale, wanachuma tutunda tudogo na kutia kinywani. Tumoja ni tweusi, tumoja ni twa manjano, tungine tumejificha ndani ya mfuko wa majani makavu.

Ukiuliza, wanajibu: «Mama, tunakulaka paka bile bidogo, haina neno.» Na wazazi wengi wanasema: «Achana nabo, batoto banajua ile yenye kuwa muzuri.»

Je, ni kweli wanajua? Na wewe baba, wewe mama, unajua? Utaweza kusimama mbele ya kimti na kumwambia mtoto wako: «Hii kula, hii acha, ile usiiguse hata kidogo»? Zamani babu na nyanya waliweza, sababu walikuwa na mbuga na pori kuwa ghala yao. Sisi tuliozaliwa katika kampu za kazi na katika cité, tumepoteza majina mengi. Njo sababu mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jamaa moja ya mimea yenye kutulisha kila siku, na yenye kuweza pia kutuua.

JAMAA MOJA, TABIA MBALIMBALI

Mimea ina jamaa zake kama sisi watu. Wataalamu wanaita jamaa hii solanasea. Ni jamaa kubwa sana: kuko aina zaidi ya 2 000 katika dunia. Unazijua nyingi bila kujua kwamba ni ndugu: nyanya au tomati, bilingani, pilipili, viazi vya kizungu (pomme de terre), hata tumbako. Nyanya, pilipili, viazi hivyo na tumbako vyote vilitoka Amerika. Ni Wazungu waliovivusha bahari katika miaka ya 1500 na baadaye. Wazungu wenyewe waliiogopa nyanya kwa muda mrefu, sababu waliona inafanana na mimea ya sumu ya kwao.

Utawatambua namna gani watu wa jamaa hii? Angalia ua la nyanya. Lina ncha tano, limefunguka kama nyota, na katikati kuna kichwa cha manjano. Ua la bilingani ni hivyo hivyo, ila rangi yake ni ya zambarau. Kata tunda: ndani kuna mbegu nyingi, ndogo, bapa. Angalia pale tunda linaposhika kwenye kijiti: kuna kofia ndogo ya kijani yenye ncha tano. Ukiona alama hizo tatu pamoja, mara nyingi umekutana na mtu wa jamaa ya nyanya.

Lakini shika neno hili: kuwa jamaa moja si kuwa na tabia moja. Kaini na Abeli walitoka katika tumbo moja. Hivi mtu asikudanganye na kusema: «Inafanana na tomati, basi tutakula.» Kufanana hakutoshi.

KATUNDA KEUSI

Wa kwanza ni kale kamajani kenye kuota chenyewe katika kila lupango. Urefu wake unafika magoti, maua yake ni meupe madogo, na matunda yake yanakaa matano au sita pamoja kama shanga. Yakiwa mabichi ni ya kijani. Yakiiva, aina moja inakuwa nyeusi yenye kung'aa, nyingine inakuwa ya zambarau na kubwa zaidi, nyingine inageuka ya rangi ya chungwa. Wafaransa wanaita morelle. Ndugu zetu wa Bukavu wanasema mulunda, Wanyarwanda wanasema isogo, Watanzania wanasema mnavu, na katika soko za Kenya utasikia managu.

Kuko watu wanaong'oa na kutupa, wakisema ni majani ya bure. Pole kwao! Majani yake machanga ni mboga ya nguvu. Yana chuma ya kuongeza damu, na yana vitamini A ya kulinda macho ya watoto. Chuma majani machanga, osha vizuri, chemsha, mwaga maji ya kwanza yenye uchungu, kisha tia kitunguu na karanga ya kutwanga au mafuta kidogo ya ngazi. Kula na bukari. Mama mwenye kuwa na mimba na mtoto mwenye kuanza kula wanahitaji mboga ya namna hii.

Na tutunda je? Hapa fungua masikio. Tutunda twa kijani tuko na sumu inayoitwa solanini. Inaleta maumivu ya tumbo, kutapika, kuhara na kichwa kuuma. Na moto wa sufuria hauivunji sumu hii. Njo sababu tunamwaga maji ya majani, sababu maji yanachukua sehemu yake. Tutunda twenye kuiva kabisa, watoto wa inchi nyingi za Afrika wanakula tumoja tumoja. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kutenganisha kenye kuiva na kenye kubakia kibichi kidogo. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe rahisi: mtoto asile kitu bila kuonyesha mtu mkubwa kwanza.

Kuna wenye kusoma vitabu vya Ulaya wakaogopa hata majani, sababu vitabu hivyo vinasema juu ya ndugu mmoja mbaya anayeitwa belladone, mwenye tunda jeusi lenye kuua. Yule ni mmea wa Ulaya. Utawatofautisha hivi: tunda la belladone linakaa peke yake juu ya nyota ya kijani, na tutunda twa morelle tunakaa pamoja kama shanga.

Neno lingine kwa wanafunzi: pahali pengine katika Afrika, watu walikamua tutunda tukubwa twa zambarau na kupata wino wa kuandikia. Bic ikikauka, unajua pa kukimbilia!

KATUNDA NDANI YA MFUKO

Wa pili, watoto wote wanamjua. Tunda lake ni la mviringo, la manjano, na limefunikwa na mfuko mwembamba kama karatasi. Ukiminya mfuko unapasuka: pa! Wafaransa wanaita coqueret, na wengine wanaita amour en cage, ni kusema mapendo ndani ya kizimba.

Kuko za aina nyingi. Ile kubwa na tamu ilitoka katika milima ya Amerika ya Kusini. Wageni waliipanda kwenye Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini, mbele ya mwaka 1807, na kutoka pale jina lake likajulikana katika dunia. Leo Kolombia inaiuza Ulaya kwa bei kubwa. Katika Paris tunda moja linawekwa juu ya keki kama pambo, na huku kwetu tunaikanyaga njiani!

Namna ya kujua kama imeiva: usiichume kwa nguvu. Ngoja mfuko ukauke na kugeuka rangi ya majani makavu, na tunda lianguke lenyewe. Lile lenye kubakia kijani lina sumu kidogo kama ndugu zake, usile. Lenye kuiva lina vitamini C na vitamini A. Ukiliacha ndani ya mfuko wake, pahali pakavu, litakaa wiki kadhaa bila kuoza. Kuna matunda machache yenye kujifungia yenyewe katika vizuri hivyo. Ukiwa na mengi, pika na sukari mpaka ishikane, utapata kitu cha kupaka juu ya mkate.

Vijana mnaotafuta kazi ndogo, fikirini hili. Chukua matunda makubwa yenye kuiva, kamua mbegu, kausha, tia katika kitalu. Panda miche kwa kuachanisha hatua moja. Haiombi mbolea nyingi, na baada ya miezi michache utaanza kuokota. Kile kinachoitwa majani ya njiani kinaweza kulipa daftari za mwaka.

IMPWA NA SAFARI YAKE YA HUZUNI

Wa tatu ni impwa, ile bilingani ndogo yenye uchungu, nyeupe au kijani, yenye kuuzwa soko zote. Wengi wanafikiri ni chakula cha maskini. Kumbe ni tunda letu kweli. Nyanya na pilipili ni wageni, lakini impwa ni mzaliwa wa Afrika. Ilitoka katika mmea wa pori wenye tutunda twekundu tudogo na uchungu mwingi. Mababu walichagua mbegu za matunda makubwa na yenye uchungu kidogo, kizazi kwa kizazi, mpaka wakapata impwa tunayokula. Hawakuwa na shule ya kilimo, lakini walifanya kazi ya wataalamu.

Na impwa ilisafiri. Wakati wa biashara ya watumwa, watu wengi wa Kongo na Angola walichukuliwa kwa nguvu mpaka Brazili. Mboga yao iliwafuata. Mpaka leo Wabrazili wanaikula, na wanaiita jiló. Jina hilo linatoka katika lugha ya Kimbundu ya Angola, ambamo wanasema njilu. Utumwa uliisha Brazili katika mwaka 1888, lakini jina na mboga vimebakia juu ya meza. Fikiri jambo hili, msomaji: watu walinyanganywa inchi, jina na uhuru, na hata hivyo walilinda mbegu.

Sasa angalia tofauti. Katunda keusi unakula kakiwa kameiva kabisa. Impwa ni kinyume: inakuliwa mbele ya kuiva, ikiwa nyeupe, kijani au manjano kidogo. Ikigeuka nyekundu, uchungu unazidi, na inafaa paka kwa mbegu. Hivi hakuna sheria moja ya jamaa yote. Kila tunda lina sheria yake, na sheria hiyo ni lazima kufundishwa.

PRUNE YA KIVU

Jamaa waliohamia huku kutoka Kivu watakumbuka mti mdogo wenye majani mapana na matunda mekundu yenye umbo la yai, yanayoning'inia kwa vijiti virefu. Wanaliita prune du Japon. Wanyarwanda wanasema ibinyomoro. Jina la Japon linadanganya: halikutoka Japani, na si prune. Ni mtu wa jamaa ya nyanya, kutoka milima ya Amerika ya Kusini. Katika mwaka 1967 wafanya biashara wa New Zealand walilitungia jina jipya, tamarillo, kusudi wanunuzi wasilichanganye na nyanya. Sasa linauzwa kwa jina hilo katika soko za dunia.

Ngozi yake ni chungu. Litie katika maji ya moto kidogo, menya, kisha kula nyama yake na sukari, ao saga upate maji ya matunda. Mti unapenda pahali pa juu penye hewa baridi, lakini unakufa kwa baridi kali ya kugandisha kama ile inayoshuka mabondeni katika mwezi wa 6 na wa 7. Mizizi yake haiingii chini sana, kwa hiyo upande karibu na ukuta wenye kuzuia upepo.

«MAUTI IMO NDANI YA SUFURIA»

Unakumbuka hadithi ya nabii Elisha katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4? Njaa ilikuwa katika inchi. Mtu mmoja alienda mashambani kutafuta majani, akakuta mmea wa pori, akajaza nguo yake matunda asiyoyajua, akayakata ndani ya sufuria ya wote. Walipoonja, walipiga kelele kwamba kifo kimo ndani ya chakula. Yule mtu hakuwa mbaya. Alitaka kulisha ndugu zake. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakujua, na hakuuliza.

Matunda ya hadithi hiyo yalikuwa ya jamaa ya maboga, lakini somo ni letu. Tuangalie sasa wale wa kuogopa.

Wa kwanza ni kale kenye miiba. Kanaota kando ya njia na pahali mifugo inapopita. Majani yake yana vumbi jeupe chini, ua lake ni la zambarau, na tunda lake ni la mviringo: kwanza kijani na mistari, kisha manjano mazuri kama tomati ndogo. Ni zuri kwa macho, lakini ni sumu. Watu wa Ulaya wanaliita tufaha la Sodoma. Mwandishi Myahudi Yosefo, katika miaka ya kwanza ya Kanisa, aliandika juu ya matunda ya upande wa Sodoma yenye kupendeza kwa rangi, lakini ukiyaminya yanageuka moshi na majivu. Wachungaji wa pahali pengine wanatumia maji ya tunda hili la miiba kugandisha maziwa, wengine wanalitia kwenye jino lenye kuuma. Usiwaige. Kipimo wanakijua wao, na hata wao wanakosea.

Wa pili ni mbaya zaidi: datura. Inaota katika jalala na kwenye udongo uliochimbwa, kwa hiyo sisi watu wa machimbo tunaishi nayo. Inafika kiuno, majani yake yananuka vibaya, ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au zambarau. Tunda lake ni la kijani, kubwa kama yai dogo, lenye miiba pande zote. Likikauka linapasuka na kutoa mbegu nyingi ndogo. Kuko pia ndugu yake mwenye kupandwa kama ua la nyumba, maua yake makubwa yananing'inia kuelekea chini. Naye ana sumu ile ile katika majani, maua na mbegu. Ukiwa naye karibu na mlango na una watoto wadogo, mng'oe.

Mtu aliyekula datura, kinywa kinakauka, ngozi inakuwa nyekundu na moto, mboni za macho zinafunguka sana, moyo unapiga mbio. Kisha anaanza kusema maneno yasiyo na maana na kuona vitu visivyokuwako. Jirani watasema: «Bamemuloga!» Hapana, hakuna aliyemloga. Ni mmea. Mkimpeleka kwa mwenye kufukuza mashetani, saa zitapita na mtoto anaweza kufa.

Na ninyi vijana, kuko marafiki watakaowaambia kwamba mbegu hizo zinaleta furaha. Wanadanganya. Kipimo cha kupoteza akili na kipimo cha kusimamisha moyo viko karibu sana, na nguvu ya sumu inabadilika mmea kwa mmea. Hakuna mtu anayeweza kukupimia.

Hata bila kutaka, mbegu zake zinaingia katika chakula. Mwezi wa 3 mwaka 2019, upande wa Karamoja katika Uganda, unga wa msaada ulikuwa umechanganyika na mbegu za datura. Watu zaidi ya 300 waliugua, na 5 wakafa. Kwa hiyo wamama, mkipepeta mihindi, maharagi ao soya, angalieni mbegu ngeni. Ng'oeni datura shambani mbele haijatoa mbegu.

Wa tatu mnaye jikoni: kiazi cha kizungu kilichokaa juani mpaka kikageuka kijani, ao kilichoota macho marefu. Solanini imeongezeka ndani yake. Kata sehemu ya kijani na macho, utupe mbali. Kikiwa kijani karibu chote, ao kina uchungu kinywani, tupa chote. Mtoto asipewe kabisa. Na weka viazi pahali pa giza.

Lakini Mungu hakuumba kitu bila sababu. Kutoka katika belladone na ndugu zake, wataalamu walitoa dawa inayoitwa atropini. Munganga anaitumia kufungua mboni ya jicho, na kumponya mtu aliyemeza dawa fulani za kuua wadudu. Sumu na dawa vinatoka katika shina moja. Kinachotenganisha ni elimu na kipimo.

TUNGUJA ZA RAHELI

Katika Mwanzo sura ya 30 tunasoma kwamba Reubeni alikuta tunguja katika mashamba wakati wa mavuno ya ngano, akamletea mama yake Lea. Raheli, ambaye hakuwa na mtoto, alizitamani sana, mpaka akafanya mapatano na dada yake juu ya mume wao. Watu wa zamani waliamini kwamba tunda hilo linafungua tumbo la uzazi.

Tunguja hiyo ya Biblia, Wafaransa wanaiita mandragore, nayo ni ya jamaa ya nyanya. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuwa na jina lake, sababu haioti kwetu. Wakachukua jina la ndugu yake wa pwani, yule wa miiba tuliyemwona hapo juu.

Lakini soma mpaka mwisho. Raheli alipata tunguja, na aliyezaa ni Lea! Raheli alizaa baadaye, na Biblia inasema wazi sababu: Mungu alimkumbuka. Haisemi kwamba tunda lilimsaidia.

Tunaandika haya juu ya dada zetu wengi wanaolia kwa siri. Mama hazai mwaka mmoja, miwili, na maneno yanaanza katika jamaa ya mume. Mtu analeta mizizi, mwingine analeta matunda ya kupondwa, na dada anakunywa vitu asivyovijua. Wengine wanaharibu tumbo kabisa. Baba, kama mke wako hazai, nendeni wote wawili kwa munganga, sababu mara nyingi shida iko kwa mwanaume. Na wewe mama mkwe, usimtume mkaza mwana porini kutafuta tunguja.

MTOTO AKIKULA SUMU

Shikeni haya, ao kateni ukurasa huu na kuubandika ukutani:

1. Toa mabaki yaliyo kinywani, na mwoshe kinywa kwa maji.

2. Usimlazimishe kutapika. Usimpe mafuta ya ngazi, maziwa ao majivu. Makala ya jikoni pia si dawa ya lopitali.

3. Chukua tawi lenye majani na tunda alilokula, hata kama ni matapishi katika mfuko. Munganga akiona mmea atajua la kufanya.

4. Kama analala ao hana nguvu, mlaze kwa ubavu kusudi asizibwe na matapishi.

5. Kimbia kwenye kituo cha afya mara moja. Usingoje kesho. Usipite kwanza kwa mtu mwingine.

6. Usimpige mtoto. Akiogopa fimbo, siku nyingine ataficha, na kuficha njo kifo chenyewe.

VUMBI LA KIWANDA

Sisi wa machimbo tuna neno letu la pekee. Tunda linaweza kuwa zuri kwa asili yake, lakini udongo umelichafua. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza katika mwaka 1911, na moshi wake umeshuka juu ya udongo wa jirani kwa miaka mingi. Katika mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichokuta wakipima mikojo ya watu wa Katanga wanaokaa karibu na machimbo na viwanda. Kobalti ilikuwa nyingi kuliko ilivyowahi kuonekana kwa watu wa kawaida mahali pengine, na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa. Vumbi na chakula ni njia za kuingia mwilini.

Tufanye nini basi? Hatuwezi kuacha kula. Lakini tuwakataze watoto kuokota matunda kando ya kiwanda, ya mto wenye kutoka kiwandani, na ya barabara ya malori ya madini. Tuoshe kila tunda na kila jani kwa maji safi, tena zaidi ya mara moja. Kuosha kunatoa vumbi la juu, ingawa hakutoi kile ambacho mmea umekinywa. Kwa kawaida majani yanashika madini zaidi kuliko matunda. Kwa hiyo mwenye lupango karibu na kiwanda afadhali apande impwa ao tomati kuliko mboga ya majani, na kama anaweza, alete udongo safi na kufanya tuta la juu. Na mikono ya watoto ioshwe mbele ya kula, sababu vumbi linaingia pia kwa vidole.

VIJANA, KAZI NI YENU

Elimu ya matunda haya iko katika vichwa vya wazee, na wazee wanatuacha mmoja mmoja. Siku ya Posho ao ya Mungu, chukueni daftari, mwende kwa nyanya. Muulizeni: «Nyanya, hii munaitaka namna gani? Munakulaka wapi, wakati gani, mutindo gani?» Andikeni jina katika lugha yake, chora jani, chora ua. Kama hajui, msionje. Chama cha vijana cha parokia kinaweza kufanya shamba dogo nyuma ya kanisa: mstari wa morelle, mstari wa coqueret, mstari wa impwa. Watoto wajifunze pale kwa macho, kusudi wasijifunze kwa tumbo.

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, mstari wa 21, anatufundisha kupima yote na kushika lililo jema. Alisema juu ya mambo ya roho, lakini ni shauri zuri hata kwa sufuria.

TUZUNGUMZE KATIKA JAMAA

Leo usiku, kisha kula, baba asome maswali haya na kila mtu ajibu, mdogo aanze:

– Ni matunda gani ya pori tunayokula hapa nyumbani? Nani alitufundisha?

– Je, katika lupango letu kuna datura ao kimti cha miiba chenye tunda la manjano? Nani atakwenda kuking'oa kesho?

– Watoto wakikaa peke yao sisi tukiwa kazini, wanakula nini? Je, njaa ndiyo inawapeleka kwenye majani?

– Kituo cha afya cha karibu ni kipi, na usiku tutafika namna gani?

Swali la tatu, wazazi, msiliruke. Mtoto aliyeachiwa kipande cha muhogo na maji safi hatatafuta sana tutunda twa kijani. Mungu ailinde jamaa yenu, na abariki kila mkono wenye kupanda.